"Ningalijua Huja Nyuma": Safari za Wakati katika Mjadala wa Watazamaji wa Migori na Homa Bay

Utangulizi

Mashabiki wa filamu na vipindi vya kubuni vya kisayansi wana mada moja ambayo hawaichoki, nayo ni safari ya wakati. Mhusika huutoka mwaka wake, huingia katika mwaka uliopita au ujao, na huko hutenda jambo ambalo huenda likayageuza maisha aliyoyaacha. Katika miji ya Migori, Rongo, Kendu Bay na Homa Bay, mada hii hujadiliwa na vijana waliokitazama kisa kimoja katika kibanda cha video, katika diski ya kuazimana au, siku hizi, katika simu ya mkononi. Mjadala huendeshwa kwa Kiswahili kilichochanganyika na Dholuo na maneno ya Kiingereza hapa na pale. Wapo wazee na walimu wanaouona kuwa soga tu za watu wasio na kazi.

Makala haya yanashikilia kuwa mjadala huo ni uhakiki wa fasihi kwa maana kamili ya neno hilo. Aidha, yanakusudia kuonyesha kuwa anayeuendesha hutumia zana zilizokuwamo katika lugha kabla ya televisheni kufika: viambishi vya njeo, methali na simulizi za ufuoni mwa Ziwa Viktoria, au Nam Lolwe kama liitwavyo kwa Dholuo. Suala hili si dogo kwetu wanafunzi wa Kiswahili. Hata vyuoni ingali inasemwa kwamba mambo ya aina hii hayajadiliki vyema ila kwa Kiingereza.

Kisa chenyewe

Ili tusizungumze hewani, tuchukue kisa kimoja. Mfululizo wa Kimarekani uitwao Lost ulionyeshwa kuanzia mwaka 2004 hadi 2010. Sehemu yake iitwayo "The Constant", iliyotoka tarehe 28 Februari 2008, ni miongoni mwa sehemu za safari ya wakati zinazosifiwa mno na mashabiki. Desmond, aliyekuwa amekwama kisiwani, anapandishwa helikopta kupelekwa melini. Wakiwa angani, katika dhoruba, fahamu zake zinaanza kuyumba baina ya miaka miwili: 1996, alipokuwa askari huko Uingereza, na 2004, aliomo katika helikopta. Mwili hausafiri, kinachosafiri ni fahamu. Wengine waliopatwa na hali hiyo hiyo wanakufa. Mwanafizikia Daniel Faraday anamweleza kwamba atapona endapo atapata kitu kimoja anachokithamini na kilichopo katika miaka yote miwili. Kwa Desmond, kitu hicho ni Penny, mwanamke waliyeachana naye. Mwaka 1996 anamsihi ampe namba yake ya simu, akiahidi kutoipiga kwa miaka minane. Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 2004 anaipiga, naye Penny anaipokea.

Kisa hiki kinazua maswali mawili ambayo watazamaji hawaachi kuyabishania. La kwanza: Desmond amerudi nyuma au amekwenda mbele? La pili linahusu elimu ya Faraday. Faraday wa mwaka 2004 anamtajia Desmond vipimo vya mtambo ili akamwambie Faraday wa mwaka 1996. Yule kijana anavitumia, navyo vinafanya kazi. Basi ni nani aliyevigundua? Mkubwa anavijua kwa kuwa aliambiwa akiwa mdogo, na mdogo anavijua kwa kuwa ametumiwa na mkubwa.

Wakati katika viambishi

Swali la kwanza ni la sarufi kabla ya kuwa la fizikia. Mtazamaji anapomsimulia mwenzake aliyekikosa kisa, hana budi kuchagua viambishi. Wengi huchagua -ka-: "Alikuwa kwenye helikopta, akajikuta kambini, akafokewa na mkubwa wake, akajikuta tena melini." Sote tumefundishwa kuwa -ka- huonyesha vitendo vinavyofuatana. Lakini vinafuatana kwa nani? Katika masimulizi ya kawaida swali hili halizuki, kwa sababu mfuatano wa mhusika na mfuatano wa kalenda ni mmoja. Safari ya wakati inaitenganisha mifuatano hii miwili, na hapo ndipo tunapotambua kuwa -ka- huandamana na mhusika. Anayetaka kuifuata kalenda hulazimika kuiacha na kusema kwa -li-: "Mwaka 1996 alikuwa askari. Mwaka 2004 alipanda helikopta." Taarifa imekamilika, lakini kisa kimekufa, kwa maana msikilizaji hawezi tena kuhisi kizunguzungu cha Desmond.

Ushahidi mwingine ni kitenzi "rudi". Mtu mmoja husema, "Desmond amerudi 1996," akiwa na maana ya kurudi katika siku zilizopita. Mwingine humpinga: Desmond wa melini hawatambui wenzake wa kisiwani wala hakumbuki chochote kilichotokea baada ya 1996. Anayesafiri, kwa hiyo, ni fahamu za kijana wa 1996, na kwake yeye, 1996 ndiyo nyumbani. Akienda 2004 "amekwenda", na akija 1996 "amerudi" kama mtu arudivyo kwao. Wote wawili wanatumia kitenzi kile kile, mmoja akikipima kwa kalenda na mwenzake akikipima kwa makao ya mhusika. Huo ni ubishi juu ya mtazamo wa usimulizi, ambao sisi darasani huufundisha kwa juma zima.

Mfasiri wa filamu naye hukabiliwa na uchaguzi huo huo. Utamaduni wa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili umeenea Afrika Mashariki. Tanzania ilimjua Lufufu, na Kenya inamjua DJ Afro. Msimulizi wa aina hii hupendelea -na-, maana husema jinsi picha zinavyopita: "Anaamka, anashangaa, yuko kambini." Kiambishi -na- humwokoa, kwani kila mwaka unakuwa sasa. Hata hivyo, hadhira ikishatoka nje na kuanza kubishana, -na- haitoshi tena. Ubishi hudai njeo.

Mbele ni wapi?

Kiswahili kina mielekeo miwili ya wakati isiyopatana, nasi huitumia yote bila kujali. Twasema "siku za nyuma" kwa zilizopita na "siku za mbele" kwa zijazo. Hapo mtu ameupa wakati uliopita kisogo na kuuelekea ujao. Lakini pia twawaita wazee waliokufa "waliotutangulia", na anayetangulia yuko mbele. Kizazi kitakachozaliwa "kitakuja nyuma yetu". Methali inayosema "Ningalijua huja nyuma" haimaanishi kuwa majuto huja zamani; yamaanisha kuwa huja baadaye. Katika mwelekeo huu wa pili, binadamu ni kama watu wanaokwenda kwa mstari njiani: wa kale wamekwisha kupita mbele, na wajao wanafuata nyuma.

Kwa hiyo, vijana wawili wanapobishana kama Desmond amekwenda mbele au nyuma, huenda kila mmoja ameshika nusu ya lugha yake. Lugha haiwazuii kufikiri. Imewawekea ubishi huo tayari.

Viambishi vyenyewe vina historia ya kuvutia. Wanaisimu wanakubaliana kwa jumla kuwa -ta- ya wakati ujao imetokana na kitenzi "taka". Kwa Dholuo, wakati ujao hujengwa kwa "biro", yaani kuja. Msemaji wa Kiswahili anayesema "nitakwenda" anatumia, bila kujua, mabaki ya neno la kutamani. Mjaluo anatumia neno la kuwasili. Anayezisema lugha zote mbili, kama wasemavyo wengi wa Migori na Homa Bay, anazo njia mbili za kuiwazia kesho.

Kama -ngali- ingaliweza kutendeka

Kitovu cha mjadala wa safari ya wakati ni kiambishi -ngali-. Kisarufi, -ngali- huonyesha jambo ambalo lingalitokea iwapo sharti lingalitimizwa, hali sharti halikutimizwa na wakati wake umepita. "Angalifika mapema, angalimkuta hai." Mlango umekwisha kufungwa. Safari ya wakati ni hadithi inayojaribu kuufungua mlango huo, na aina zake kuu mbili hutofautiana kwa jibu linalotolewa.

Aina ya kwanza husema kuwa uliopita unabadilika. Mfano mashuhuri ni sehemu ya Star Trek iitwayo "The City on the Edge of Forever", iliyoonyeshwa tarehe 6 Aprili 1967. Daktari McCoy anajikuta New York ya mwaka 1930 na kumwokoa mwanamke aitwaye Edith Keeler asigongwe na gari. Kwa kuwa yu hai, vuguvugu lake la amani linaichelewesha Marekani kuingia vitani, na Ujerumani inashinda Vita vya Pili vya Dunia. Kapteni Kirk, aliyempenda, analazimika kumzuia McCoy ili mwanamke huyo afe kama alivyokufa. Aina ya pili, ambayo Lost inaielekea zaidi, husema kuwa uliopita umekwisha kuwa, na msafiri akifika huko atagundua kuwa alikuwamo tangu mwanzo. Desmond haibadilishi 1996. Anajipatia tu namba ya simu.

Ni nini kinachomfanya mtazamaji wa Homa Bay aijali tofauti hii? Zingatia miaka iliyochaguliwa na kisa. Mwaka 1996, katika mkutano wa kimataifa wa Ukimwi uliofanyika Vancouver, Kanada, madaktari walitangaza kuwa mseto wa dawa za kupunguza makali ya virusi ulikuwa ukiwainua wagonjwa waliokata tamaa. Huko Homa Bay na Migori, maeneo yaliyo miongoni mwa yale yaliyoathirika zaidi nchini Kenya, watu waliendelea kuzikana. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa dawa hizo katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, na zilienea polepole katika miaka iliyofuata. Mtu aliyezaliwa hapa katika miaka ya 1990 akamzika mzazi kabla ya dawa kufika, anapoulizwa angalikwenda mwaka gani iwapo angalikuwa na mtambo wa Faraday, halichukulii swali hilo kuwa mchezo. Dawa ilikuwapo duniani. Kilichomtenga nayo mzazi wake kilikuwa umbali na fedha, na kwake umbali huo unapimwa kwa miaka. Yeye anaijua -ngali- kuliko kitabu chochote cha sarufi.

Ndiyo maana baadhi ya watazamaji huiona aina ya kwanza kuwa na ukatili: inadai kuwa mlango unafunguka, kisha inamfunga Kirk mikono. Wengine huikataa aina ya pili kwa kuwa haimrudishi mtu yeyote. Lakini kisa cha Desmond kinatoa jambo la tatu: aliyeumizwa na wakati huponywa na mtu anayemkumbuka kotekote, katika mwaka huu na ule. Kwa mfiwa, jibu hilo halibadilishi lililotokea, ila linampa mahali pa kushika.

Simulizi za Ziwani

Fasihi simulizi ya eneo hili imekwisha kulitafakari swali hilo hilo. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo jina lake hufasiriwa kuwa kijiji kilichozama. Husimuliwa kuwa ajuza aliyechoka alibisha hodi wakati wa karamu ya pombe, akafukuzwa na watu wote isipokuwa mwanamke mmoja. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama, akasalimika yule mkarimu. Huko Gwassi, husimuliwa habari za Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini aliyenasa mwanamke kwenye wavu wake. Mwanamke akamletea mifugo tele. Siku moja Nyamgondho akalewa na kumtukana. Mwanamke akaondoka kuelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata majini. Nyamgondho akabaki ufuoni, akageuka mti.

Msikilizaji wa simulizi hizi huambiwa "angaliufunga mdomo wake" na "wangalimfungulia mlango". Hakuna mtambo wa kumrudisha Nyamgondho katika jioni ile. Simulizi hizi ziko upande wa aina ya pili: lililotokea limetokea, na mti ungali umesimama kuwa ushahidi. Kijana aliyelelewa na simulizi hizi, akisema kuwa kisa cha Star Trek "hakiingii akilini", hapungukiwi na elimu ya sayansi. Anakihakiki kwa kanuni za utanzu alioujua kwanza.

Pana pia desturi ya majina. Kwa Wajaluo, mzee aliyefariki huweza kumtokea mtu wa ukoo ndotoni akitaka mtoto mchanga apewe jina lake, nalo huitwa jina la juogi. Mtoto huyo huweza kuitwa "kwara", yaani babu yangu, na watu wazima waliomzika mwenye jina la kwanza. Fumbo linalopendwa na mashabiki duniani kote huuliza: msafiri akimwua babu yake kabla babu hajazaa, msafiri atatoka wapi? Likiulizwa Migori, fumbo hili hupata tanzu la ziada. Mjukuu huenda ndiye babu kwa jina, na anayemwua babu anajiua mara mbili.

Je, Mwafrika hana wakati ujao?

Haiwezekani kuijadili mada hii bila kumtaja John Mbiti. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alitumia maneno ya Kiswahili "sasa" na "zamani" kueleza kuwa, katika fikra za jadi, wakati una sasa na uliopita mrefu, ilhali wakati ujao wa mbali karibu haupo. Aliegemea hasa njeo za Kikamba na Gikuyu. Ikiwa alisema kweli, safari ya kwenda wakati ujao ni mgeni asiye na kiti kwetu.

Hoja hiyo imepingwa. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, aliikataa mwaka 1987 kwa kutumia ushahidi wa lugha na fikra za Waakan. Nchini Kenya, masimulizi ya Mugo wa Kibiro kwa Wagikuyu na Kimnyole kwa Wanandi husema kuwa wawili hao walitabiri nyoka wa chuma, yaani reli, kabla ya kujengwa. Pwani, kisa cha watu wa pangoni waliolala miaka 309 na kuamka katika zama nyingine kinajulikana kwa kila aliyesoma Kurani. Kiswahili chenyewe kina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo. Hata hivyo, Mbiti alikuwa na haki katika jambo moja: zamani kwetu ni mahali penye watu, wala si jaa la yaliyotupwa. Ngome za mawe za Thimlich Ohinga, huko Migori, zinazokadiriwa kujengwa katika karne ya 16 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018, ni ushahidi wa macho. Anayeingia kwa kuinama katika lango lake huinama mahali walipoinama waliotangulia.

Riwaya ya Kiswahili nayo haikungoja televisheni. Shaaban Robert aliwatuma wajumbe wa Kusadikika (1951) katika nchi za mbali ili warudi na maarifa. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimrusha Dzombo kwa chombo cha angani hadi katika jamii bora. Said Ahmed Mohamed alimleta mfu duniani katika Babu Alipofufuka (2001). K. W. Wamitila, katika Bina-Adamu! (2002), alimpitisha msafiri wake katika majeraha ya historia ya dunia. Hizi si hadithi za mitambo ya wakati, lakini kila moja humtoa mhusika katika zama zake ili azione kwa jicho la mgeni.

Haja ya istilahi

Kinachopungua ni istilahi za pamoja, na hapa tunatoa mapendekezo machache ili yajadiliwe. Kwanza, tuseme "safari ya wakati", tusiseme "safari ya muda", kwa kuwa msikilizaji wa pili atadhani ni safari ya siku chache tu. Pili, jambo linalojizaa lenyewe, kama vipimo vya Faraday, liitwe "kitanzi cha wakati". Kamba ya kitanzi haina mwanzo unaoonekana. Tatu, fumbo la kumwua babu liitwe "kweli kinzani ya babu", kwa kuwa "kweli kinzani" imekwisha kuzoeleka katika uhakiki wetu. Nne, matukio yanayofuatana hadi mwaka fulani yaitwe "mkondo wa wakati", na safari inayoyabadili iitwe "kuchepusha mkondo". Mwisho, kile kitu kimoja kinachomshikilia Desmond katika miaka miwili tukiite "nanga". Mvuvi wa Homa Bay hahitaji kuelezwa kazi yake.

Hitimisho

Tumeonyesha kuwa ubishi wa mashabiki juu ya kisa cha safari ya wakati unagusa mtazamo wa usimulizi, mantiki ya masharti, falsafa ya wakati na maadili ya majuto, na kwamba Kiswahili, kikisaidiwa na Dholuo, kinaubeba wote. Tunapendekeza mambo matatu. Walimu wa sarufi waifundishe -ngali- kwa visa vya aina hii, kwani mwanafunzi ataona papo hapo kwa nini -nge- na -ngali- hazipaswi kuchanganywa ovyo. Wanafunzi wa fasihi simulizi wayarekodi mabishano ya vibandani, kwa idhini ya wenyewe, kama tunavyorekodi ngano na vitendawili. Nao watunzi chipukizi wajaribu kuandika hadithi ambayo msafiri wake anatoka Homa Bay ya leo na kuingia Homa Bay ya 1996, mkobani mwake mkiwa na dawa za mwezi mmoja tu. Watalazimika kuamua ni mlango wa nani atakaoubisha kwanza, na ni njeo gani itakayowatosha kusimulia yaliyofuata.